Kibogoyo Mwenye Meno Yote

San Lucas Yaguiche, 3 Septemba 1963

Dada yangu Eustolia,

Kama umesimama, kaa. Kama unapika, ondoa sufuria motoni, maana barua hii itakuunguzia chakula cha wamisionari wako halafu nilaumiwe mimi.

Jana ulikuwa mkutano wa kijiji, na unajua ulimhusu nani. Mume wangu. Tangu Heladio abatizwe mtoni mwezi wa Mei hajapuliza tuba, lile pembe kubwa la shaba la bendi, mbele ya Mtakatifu Luka, na amesema hatapuliza tena, nawe unamjua shemeji yako akishasema. Miaka kumi na minne utumishi wake kwa kijiji ulikuwa ile tuba. Sasa ameiweka chini, hana utumishi, na mwanamume asiye na utumishi hapa hana kiwanja. Mwenyekiti alilisema wazi, wala hakutufokea: sikukuu ni tarehe kumi na nane Oktoba. Siku hiyo majina ya watumishi yatasomwa uwanjani kama kila mwaka. Jina la Heladio lisiposomwa, nyumba na shamba vinarudi mikononi mwa kijiji, na sisi tuwe tumeondoka kabla ya sikukuu ya Watakatifu Wote. Nyumba hii ya baba, Eustolia! Ulimozaliwa wewe, nikazaliwa mimi.

Ndipo akasimama Don Crisóforo, kiongozi wa bendi, na lile tumbo lake. "Bendi ya kijiji cha Santa Eduviges inakuja kutupigia kama sisi tulivyowapigia wao. Watu ishirini na sita! Tutawapokea bila tuba? Watatucheka wao, watatucheka na mbuzi wao." Kisha akamgeukia Ndugu Tobías, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa na kofia yake magotini. "We mmisionari. Tulikuwa na mpiga tuba, umemchukua. Haya, tutoe wapi mwingine?"

Ndugu Tobías akainuka. Unamkumbuka alivyo mrefu. Kila akiingia kwetu anagonga paji la uso kwenye boriti ile ile. Akasema, kwa kile Kihispania chake cha kutafuna: "Nitapuliza mimi."

Wazee walicheka mpaka wakakohoa. Yeye hakucheka. Akasema huko kwao kwenye theluji baba yake alikuwa na bendi ya kanisa, na yeye amepuliza tuba tangu ana miaka tisa mpaka alipokwenda chuo cha Biblia. Don Crisóforo akaagiza tuba iletwe. Ndugu Tobías akaivaa begani, akavuta pumzi, akatoa sauti moja tu, ndefu, nene. Kuku wa mwenyekiti waliruka ukuta! Na mkutano ukapiga makofi. Wewe umewahi kuona San Lucas ikimpigia makofi mlokole?

Kwa hiyo tumepona, dada. Yeye anashika nafasi ya Heladio, Heladio anabaki na imani yake, nasi tunabaki na nyumba. Nimerukaruka jikoni peke yangu kama mwendawazimu.

Ila tafadhali sana, mkuu wako wa misheni, Señorita Harriet, asijue. Wamisionari hawaruhusiwi hata kusogelea sikukuu za watakatifu, sembuse kubeba tuba nyuma ya sanamu.

Mdogo wako,
Ninfa

*

Oaxaca, 10 Septemba 1963

Mdogo wangu Ninfa, mlokole wangu,

Eti Señorita asijue! Anajua. Na ameambiwa na nani? Na Tobías mwenyewe! Amemwandikia kurasa nne, pande zote mbili, anaeleza kila kitu mpaka wale kuku. Jamani, mtu mzima hajui kunyamaza? Mimi nimekaa na hawa watu miaka kumi na tisa na bado wananishangaza.

Señorita aliisoma wakati wa kifunguakinywa. Yai likapoa. Akasema, "Tuba." Akanywa chai. Akasema tena, "Tuba, Eustolia," kama mtu aliyekuta nyoka bafuni. Halafu akaniuliza, "Dada yako bado anaishi kijiji kile?" Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama nyumba ni ya baba yetu. Nikasema ndiyo. Hakuuliza zaidi, akaenda zake ofisini, akaacha na yai.

Lakini nisikudanganye, barua yako niliisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa chooni ili nicheke vizuri. Don Crisóforo na tumbo lake! Na huyo Tobías na boriti! Ona tulivyo, wewe na mimi. Mimi nawapikia walokole na nyuma ya mlango wa jiko nina mshumaa wa Mtakatifu Luka. Wewe unalala chini ya kengele yake na unaimba tenzi. Mtu akitusikia atadhani tumebadilishana nyumba.

Niambie kama anajua nyimbo zetu. Sauti moja nene hata ng'ombe anatoa.

Dada yako,
Eustolia

*

San Lucas Yaguiche, 17 Septemba 1963

Dada Eustolia,

Hajui! Hajui hata moja! Anajua nyimbo za kutembea, moja-mbili, moja-mbili, kama askari. Na unajua kwamba siku ya sikukuu, sanamu inapopanda ngazi za kanisa, bendi lazima ipige ule wimbo wa Ngazi, ambao baba alimfundisha Heladio. Ngazi arobaini na moja, na katikati, pale mtakatifu anapogeuzwa, wimbo unabadili mwendo na tuba ndiyo inayowavuta wengine. Ndugu Tobías kila akifika hapo anaanguka ndani ya wimbo kama mtu aliyekosa daraja.

Anajifunzia shambani kwetu kwa sababu majirani walilalamika. Mahindi yamekuwa marefu kuliko hata yeye. Ukisimama njiani humwoni mtu, unaona mdomo wa tuba tu ukitembea juu ya mahindi huku na huku. Watoto wa shule wanachelewa kwa kutazama.

Heladio alivumilia siku tatu. Anapalilia, anasikia wimbo wa baba mkwe wake ukichinjwa, anameza mate, anapalilia. Siku ya nne akatupa jembe.

"Si hivyo, ndugu! Si hivyo! Hapo unangoja. Unawaacha wabeba sanamu waweke mguu, ndipo unaingia."

"Nionyeshe," akasema Tobías, akimpa tuba.

Heladio akaiangalia kama anaangalia mke aliyemwacha. Mimi nilikuwa nimesimama na kapu la chakula. "Sipulizi," akasema. "Naeleza tu."

"Basi eleza."

Akaeleza. Akapiga mwendo kwenye paja. Akaimba tuba kwa mdomo, pum, pum-pa, akatembea katika mistari ya mahindi akihesabu ngazi zisizokuwepo. Mwishowe, mwenzangu, akaichukua! Akapuliza kipande kidogo tu, kile cha mgeuzo, akairudisha upesi kama imemuunguza.

Nikamwambia, "Na ile ni nini?"

"Kufundisha si kupuliza."

"Ah, sawa."

"Na humu shambani hakuna mtakatifu, Ninfa. Kuna mahindi."

Sasa wanafanya kila siku asubuhi. Na si wawili tena. Alhamisi alikuja yule mpiga klarineti mwembamba, eti anapita kwenda kukata kuni, na klarineti mkononi. Ijumaa wakaja wa tarumbeta wawili. Jumamosi walikuwa saba, na Heladio akiwasahihisha mmoja mmoja, amesahau hata kula. Don Crisóforo mwenyewe alisimama njiani nusu saa. Nilipomsalimu akasema anamtafuta bata mzinga wake aliyepotea. Eustolia, Don Crisóforo hafugi bata mzinga.

Sijamwona mume wangu na furaha hivi tangu Mei. Hata usingizini anapiga vidole.

Ninfa wako

*

Oaxaca, 24 Septemba 1963

Ninfa,

Hii isome peke yako na uitie motoni.

Wakubwa wa misheni huko kwao wameandika. Wamesikia habari za tuba, sijui na nani, na wanataka Señorita awajibu haraka kama amemkataza Tobías au hajamkataza. Señorita alijifungia ofisini asubuhi nzima. Saa sita akaja jikoni na bahasha. Huwa haji jikoni. Akakaa kwenye kigoda changu cha kumenyea viazi, akaniambia kila kitu, mimi mpishi!

"Nimemkataza, Eustolia. Nimewajibu wakubwa kwamba nimemwandikia leo, na ni kweli, hii hapa. Nimemwambia asipulize kwenye sikukuu hiyo, na kama atapuliza, afungashe arudi mjini. Tobías ni mtu mtiifu. Barua hii ikimfikia, atatii."

Nikasema, "Ndiyo, Señorita."

"Miguu inaniuma leo. Nipelekee posta."

Ninfa, sikupeleka. Nilivaa shali, nikatoka mpaka kona, nikasimama mbele ya posta nikiwa na ile bahasha, nikawaona kwa mawazo wewe na Heladio mmebeba magodoro kichwani. Nikarudi. Iko kwenye kopo la mdalasini, rafu ya juu. Nimekwenda kuungama, na padri amenipa rozari tatu na amesema niipeleke. Rozari nimesali zote.

Usimwambie Tobías. Mwache apulize.

Eustolia

*

San Lucas Yaguiche, 1 Oktoba 1963

Eustolia,

Umenifanyia nini? Barua nimeichoma, lakini kichwani haichomeki. Sasa kila Ndugu Tobías akinisalimu, "Amani, dada Ninfa," na ile sura yake ya kitoto, naangalia chini. Juzi alinishukuru kwa tortilla zangu za mahindi, machozi yakanitoka; akadhani ni moshi.

Mwenye barua ni yeye. Ungeipeleka, tungejua moja. Hujaipeleka, na mimi nimefurahi kwamba hujaipeleka, na hapo ndipo ninapojichukia. Sikwambii ipeleke. Sikwambii usiipeleke. Nakasirika tu, acha nikasirike.

Ngazi sasa anafika nazo mpaka ya thelathini.

Ninfa

*

San Lucas Yaguiche, 8 Oktoba 1963

Dada,

Tumekwisha.

Leo asubuhi alikuja karani wa kijiji kuandika majina ya sikukuu. Nikamkaribisha chokoleti, nikamwekea na mkate, nikamwambia kwa furaha, "Andika hapo, Heladio, tuba."

Akaniangalia. "Tuba ni Tobías."

"Ndiyo, kwa niaba ya Heladio."

"Kwa niaba ya nani? Mama Ninfa, huyu mgeni amekaa kijijini mwaka wa tatu sasa. Anakunywa maji yetu, anapita njia zetu. Ameombwa utumishi, ameukubali. Utumishi ni wake. Tena amesifiwa sana, tumemwandika mwenyeji." Akanionyesha daftari. Tobías, tuba. Chini yake, Heladio, na mbele yake mstari mtupu.

Wewe umekaa mjini sana na mimi ni mwanamke, lakini Heladio! Yeye alipaswa kujua! Utumishi huhesabiwa anayetoka jasho, hakuna wa kumfanyia mwenzake. Hata mtoto mdogo anajua. Furaha ilitupofusha sote. Tulipomsikia Ndugu Tobías akisema "mimi", tukasikia tulichotaka.

Ndugu Tobías alipoambiwa alikaa chini kwenye mahindi na tuba begani. Kisha akasema, "Kumbe nimejiokoa mwenyewe." Alikuwa anataka kulia. Heladio ndiye aliyemwinua. Akamwambia, "Simama, hatujamaliza. Umetoa neno lako. Ngazi ya thelathini na moja."

Kwa hiyo waweza kuipeleka ile barua yako yenye mdalasini. Haina wa kumdhuru tena. Nimeanza kufunga vyombo.

Ninfa

*

Oaxaca, 11 Oktoba 1963

Ninfa, we Ninfa, fungua hivyo vyombo!

Naandika huku mwenye nyumbu amesimama mlangoni ananiambia fanya haraka. Nampa hii mkononi, basi la Jumanne litachelewa.

Baba! Umemsahau baba? Jino lake la mwisho lilitoka mwaka wa arobaini na sita, nami nina miaka miwili huku mjini. Tarumbeta bila meno haipulizwi. Miaka tisa baada ya hapo, mpaka kufa kwake, alipuliza noti ngapi kwa mtakatifu? Hata moja! Na je, waliwahi kumnyang'anya nyumba? Jina lake lilisomwa uwanjani kila Oktoba. Nilikuwa nakuja sikukuu, nasimama pale na gauni jipya, nalisikia kwa masikio yangu: "Wilfrido, mwalimu wa bendi." Watu wanacheka, wanasema "Kibogoyo!" na yeye anavua kofia.

Kufundisha ni utumishi, Ninfa. Ni utumishi mkubwa kuliko kupuliza, na mwalimu hatakiwi kusogelea sanamu. Sasa niambie huyo mume wako amekuwa akifanya nini kwenye mahindi mwezi mzima? Watu saba! Na Don Crisóforo na bata mzinga wake wa uongo!

Nenda kwenye mkutano. Nenda wewe, si Heladio, yeye atanyamaza kama jiwe. Wewe ni binti wa mwalimu. Waambie mume wako ana meno yote thelathini na mawili, lakini kwa mtakatifu hayafanyi kazi tena. Wamhesabu kibogoyo.

Mwenye nyumbu anaondoka huyo

Eustolia

*

San Lucas Yaguiche, 19 Oktoba 1963

Dada yangu, dada yangu, dada yangu,

Utanisamehe mwandiko. Sijalala, wala sitaki.

Barua yako ilifika Jumapili. Jumatatu nilivaa shali ya mama, nikaingia kwenye mkutano. Sikusimama mlangoni na wanawake wengine, niliingia mpaka ndani. Mwenyekiti akasema, "Mama Ninfa, kuna nini?" Nikawauliza baba yangu alipuliza nini tangu mwaka wa arobaini na sita. Wazee wakatazamana. Nikawauliza nani alimfuta kwenye daftari. Ndipo nikatoa ya kibogoyo kama ulivyonituma. Ukumbi mzima ulianguka kwa kicheko! Mzee mmoja alifungua mdomo kuonyesha fizi zake akasema, "Karibu chamani!"

Lakini Don Crisóforo hakucheka. Alisubiri wanyamaze. "Baba yako nilimzika mimi kwa bendi yangu, na alikuwa mwalimu kwa sababu wanafunzi wake walijua kupiga. Mwanafunzi wa Heladio ni nani?"

Wote wakageuka kumtazama Ndugu Tobías. Maskini, alikuwa mwekundu mpaka masikio.

"Basi," akasema Don Crisóforo. "Siku ya sikukuu, Ngazi. Akipanda zote arobaini na moja bila kuuangusha wimbo, Heladio ni mwalimu, na mimi mwenyewe nitamwambia karani. Akiuangusha, Heladio ni mtu mwenye meno asiyetaka kazi."

Siku nne, Eustolia! Siku nne hatukula. Ndugu Tobías midomo ilimpasuka, nikawa naipaka mafuta ya nguruwe. Nilimwuliza kama anaogopa kwamba ni dhambi. Akasema, "Dada, mimi nawatumikia watu walionipa maji. Mtakatifu si mimi niliyembeba." Nikataka kumwambia habari za kopo la mdalasini pale pale. Sikumwambia.

Jana ikafika. Bendi ya Santa Eduviges wamevaa shati jipya wote, wamejipanga upande mmoja kusikiliza na ile dharau yao. Fataki. Sanamu ikatoka. Heladio hakuingia uwanjani mwa kanisa. Alisimama nje ya ukuta mfupi, upande wa mkuyu, kofia kichwani, mikono nyuma. Mimi pembeni yake nikimshika shati.

Don Crisóforo akainua mkono. Wakaanza.

Nikahesabu. Kumi. Kumi na tano. Tuba inakwenda vizuri, nzito, tamu, nikasikia watu wa Santa Eduviges wamenyamaza. Ya ishirini, mgeuzo. Akangoja! Aliwangoja wabeba sanamu waweke mguu, ndipo akaingia, wengine wote wakamfuata, na nikambana Heladio mpaka akasema "Aa!" Ishirini na tano. Thelathini.

Ya thelathini na tatu mmoja wa wabeba sanamu akateleza. Kidogo tu, mtakatifu akayumba, watu wakasema "Ah!" Na Ndugu Tobías akageuza macho kutazama, kama mtu mwema yeyote angefanya. Wimbo ukamponyoka. Nilisikia. Noti moja ikachelewa, ya pili haikuja kabisa, klarineti zikaanza kukimbia kila moja na njia yake.

Heladio akavua kofia. Akaiinua juu ya ukuta na kuanza kupiga mwendo hewani, pum, pum-pa, kofia juu, kofia chini, uso umekauka. Ndugu Tobías, mrefu kuliko watu wote pale, akaiona juu ya vichwa. Akaishika ile kofia kwa macho. Akavuta pumzi, akaingia. Wimbo ukasimama tena! Thelathini na tano, thelathini na nane, uso wake umekuwa kama pilipili, arobaini, arobaini na moja, na ile sauti ya mwisho akaishikilia mpaka fataki zikaisha, na alikuwa bado anaishikilia!

Santa Eduviges ndio walioanza kupiga makofi.

Don Crisóforo akashuka ngazi zote, jasho linamtiririka, akaja moja kwa moja mpaka ukutani kwetu. Akamwambia Heladio, "Nimekuona na kofia."

Heladio akasema, "Nilikuwa nafukuza nzi."

"Nzi wa mwendo wa Ngazi?"

"Nzi wa huku wamefundishwa."

Don Crisóforo akajifuta jasho kwa mkono wa shati. "Wimbo uliyumba," akasema. "Lakini mwanafunzi aliyumba, mwalimu akamrudisha. Wilfrido angefanya hivyo hivyo." Akaondoka kwenda kwa karani.

Mchana wakasoma majina. Yalikuwa mengi, sikusikia lolote. Kisha: "Heladio, mwalimu wa bendi." Na uwanja mzima, Eustolia, uwanja mzima na wageni wao, wakapaza sauti: "Kibogoyo!" Mume wangu akavua kofia. Akatabasamu na meno yake yote. Nililia mbele ya watu bila kuficha uso, na mke wa Don Crisóforo akanishika, yeye ambaye tangu Mei hakuwa ananisalimia.

Nyumba ni yetu. Shamba ni letu. Leo asubuhi wamekuja watu kumi na mmoja kujifunza, na mmoja wa Santa Eduviges.

Sasa dada, ile barua. Siwezi kuishi nayo. Kaungame kwa Señorita, na mimi nitamwambia Ndugu Tobías ukinijibu. Kama wakimwondoa, Mungu atusamehe wote wawili.

Ninfa

*

Oaxaca, 26 Oktoba 1963

Mdogo wangu,

Nimelia, nimecheka, nimeunguza wali. Hata wageni wa misheni wameniuliza kama nimefiwa.

Jana nilifanya ulivyosema. Nikatoa bahasha kwenye kopo, nikagonga mlango wa ofisi, nikaingia na aproni yangu. Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima, lakini nilipofungua mdomo nikasema tu, "Señorita, sikuipeleka. Nifukuze." Nikaiweka mezani.

Alivua miwani. Hakuitazama barua. Akasema, "Alipuliza vizuri?"

Nikasema, "Nini, Señorita?"

"Tobías. Alipuliza vizuri?"

Nikamweleza. Ninfa, nilimweleza zote, ngazi thelathini na tatu, kofia, nzi, mpaka nikamwimbia pum, pum-pa. Alikuwa amefunika mdomo kwa leso. Mabega yanamtikisika. Nilidhani anakohoa.

Kisha akaniambia, "Eustolia, umekaa na mimi miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

"Nani hupeleka barua zangu posta?"

Hapo ndipo nilipogutuka. Maana anapeleka mwenyewe. Mvua, jua, na kofia yake na mwavuli wake, kila siku saa nne. Miaka kumi na tisa hajawahi kunipa hata kadi ya Krismasi niipeleke. Na miguu yake haijawahi kumuuma. Anapanda mlima wa kanisa haraka kuliko mimi. Nilisimama pale mdomo wazi kama samaki, nikakumbuka alivyokuja mwenyewe jikoni, akakaa kwenye kigoda changu, akanieleza barua nzima, mimi mwenye dada San Lucas.

"Wakubwa waliniuliza kama nimeandika," akasema. "Niliandika."

Akaichukua bahasha, akainusa. "Mdalasini." Akanipa mwavuli wake. "Sasa ipeleke."

Nimeipeleka leo saa nne, na mwavuli, ingawa hakuna mvua. Itamfikia Tobías wiki ijayo. Mwambie ukweli wote, na umwambie aitii barua siku ile ile itakapomfikia. Asipulize tuba kwenye sikukuu ya Mtakatifu Luka tarehe kumi na nane Oktoba iliyopita! Mwakani, Heladio awe amekwisha kumpata mwanafunzi mwingine. Señorita amesema aanze mapema.

Na amenipa ruhusa ya siku tano. Nakuja kwa Watakatifu Wote, miaka sita sijaja. Najua wewe na Heladio hamwawekei wafu meza ya chakula. Nitamwekea baba mimi, kwenye kona yake, nawe ukitaka angalia upande mwingine. Lakini kupika si dhambi, kwa hiyo mchuzi wa mole utapika wewe, wangu haujawahi kufika wa mama.

Mkate pia ununue wewe, ule laini wa kuchovya kwenye chokoleti. Usichukue mgumu. Baba hana meno.

Dada yako,
Eustolia